Askari Mmoja Zaidi Hatoshi: Ngome, Daraja na Namna ya Kumaliza Mchezo

(Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wazazi na wachezaji wa sataranji, Tanga)

 

Niliombwa nizungumzie sataranji kwa upana wake, au chesi kama vijana wanavyoiita. Nikaomba ruhusa niibane mada, na Mwenyekiti akaniridhia. Leo nitakaa kwenye kona moja tu ya mchezo: pale malkia wamekwisha kuondoka, farasi na maaskofu wameliwa, na ubaoni wamebaki wafalme wawili, ngome mbili na askari wa kuhesabika. Watangazaji wetu wa mpira wana jina zuri la wakati kama huo. Husema, dakika za lala salama. Na mimi nitaiita awamu hiyo hivyo hivyo, lala salama, ingawa katika mchezo wetu hakuna anayelala.

Lengo langu ni kuwashawishi juu ya jambo moja. Kuwa na askari mmoja zaidi kwenye lala salama ya ngome hakumpi mtu ushindi. Ushindi unafundishwa, unajifunzwa, na una njia zinazojulikana kwa karne nyingi. Sisi walimu wa mchezo huu tumekuwa tukiziacha njia hizo mwisho kabisa wa mafunzo, mahali ambapo watoto wengi hawafiki.

Kabla sijaendelea, tuelewane maneno. Kete ninayoiita ngome wengine huiita mnara. Askari, wengine humwita kitunda, wengine pioni. Nikisema safu, nina maana ya miraba inayokwenda wima, kuanzia a hadi h. Nikisema mstari, ni ile ya mlalo, 1 hadi 8, tukiihesabu kutoka upande wa mweupe. Askari akifika mstari wa mwisho anapandishwa cheo, na aghalabu anakuwa malkia. Mfalme akitishwa, amepigwa sheki.

Sasa niwasimulie kilichonifanya nichague mada hii. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la saba, binti mtulivu, mwenye macho makali ubaoni. Katika mashindano ya shule alifika kwenye lala salama akiwa na ngome na askari, mpinzani wake ana ngome peke yake. Askari wa binti alikuwa amefika d7, mraba mmoja tu kabla ya kupandishwa cheo, na mfalme wake alikuwa amejibana mbele yake, kwenye d8. Mfalme akitoka ili ampishe askari, anapigwa sheki. Anarudi kujificha. Anatoka tena, anapigwa tena, anarudi. Hali ile ile ikajirudia mara tatu, mwamuzi akaitwa, ikawa sare. Binti alikuja kwangu nje ya ukumbi, machozi yanamtoka, akaniuliza: "Mwalimu, si nilikuwa na askari zaidi?"

Sikuwa na la kumjibu. Muhula mzima nilikuwa nimemfundisha namna ya kufungua mchezo. Hiyo hali aliyoifikia ni maarufu kuliko zote katika elimu ya ngome, imo vitabuni tangu karne ya 17, na mimi mwalimu wake sikuwahi kumwonyesha hata mara moja. Tutairudia ubaoni baada ya muda mfupi.

Hoja ya kwanza: kwa nini ngome, na si kete nyingine?

Tazameni ubao mwanzoni mwa mchezo. Ngome zimekaa pembeni kabisa, nyuma ya askari, hazina njia. Farasi na maaskofu hutoka mapema, hukutana katikati, hulana. Malkia hubadilishana. Ngome hutoka baadaye, na kwa kuwa zimechelewa kuingia vitani, ndizo hubaki. Ndiyo maana lala salama za ngome ni nyingi kuliko za aina nyingine yoyote. Mtoto atakayecheza kwa miaka mitatu mfululizo atakutana nazo kila mashindano, atake asitake.

Kuna sababu nyingine, na hii inatuhusu sisi watu wa mwambao. Neno sataranji lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, na Waarabu nao waliupokea mchezo huu kutoka kwa Waajemi, ambao waliupata India. Katika mchezo huo wa zamani hapakuwa na malkia mwenye nguvu kama wa leo. Aliyekaa pembeni mwa mfalme alikuwa waziri, anayekwenda mraba mmoja tu kwa mshazari. Nguvu za malkia zilikuja Ulaya mwishoni mwa karne ya 15. Ngome haikubadilika. Inakwenda leo kama ilivyokwenda Baghdad katika karne ya 9, na wakati huo ndiyo iliyokuwa kete yenye nguvu kuliko zote. Mabingwa wa zama za Wabbasi, akina al-Adli na baadaye as-Suli aliyefariki mwaka 946, waliandika vitabu vya mafumbo ya sataranji. Kwa hiyo mtoto wa Tanga anapojifunza kuisogeza ngome, anashika kete ambayo mwendo wake una zaidi ya miaka elfu moja.

Wazee wa bao, naomba mnisaidie hapa. Ninyi mnajua kwamba kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, anazinamua moja moja, na zikiisha mchezo unaingia kwenye mtaji. Aliyekuwa hodari wa kunamua anaweza kupotea kwenye mtaji, kwa sababu fikra zinazotakiwa si zile zile. Sataranji nayo ina mpito wake. Mwanzoni mfalme anafichwa. Kwenye lala salama mfalme anatoka, anatembea, anakuwa mfanyakazi kama wengine. Mchezaji asiyehisi mpito huo ataendelea kumficha mfalme wake hadi ashindwe.

Hoja ya pili: ngome iliyo hai ina thamani kuliko askari.

Siegbert Tarrasch, daktari wa Nuremberg huko Ujerumani aliyefariki mwaka 1934, aliacha kanuni ambayo kila mchezaji anapaswa kuijua. Ngome ikae nyuma ya askari huru, awe wako au wa adui. Askari huru ni yule ambaye hakuna askari wa adui mbele yake wala pembeni wa kumzuia. Sababu yake ni rahisi kuiona. Ngome yako ikiwa nyuma ya askari wako, kila hatua anayopiga inaiongezea ngome nafasi. Ngome ya adui iliyokaa mbele yake kumzuia, kila hatua inaibana, mpaka inakosa pa kwenda.

Mfano mkubwa ulionekana Buenos Aires mwaka 1927. Bingwa wa dunia, José Raúl Capablanca wa Cuba, alikuwa akitetea taji lake dhidi ya Alexander Alekhine. Wa kwanza kufikisha ushindi mara sita ndiye angelichukua, na sare hazikuhesabiwa. Walicheza michezo 34, na kati ya hiyo 25 iliisha sare. Ule wa 34, uliomaliza kila kitu, ulikuwa lala salama ya ngome. Alekhine alikuwa na askari huru katika safu ya a, ngome yake ikiwa nyuma. Ngome ya Capablanca ilikaa mbele, imefungwa kazi ya ulinzi. Alekhine hakukimbilia kumpandisha askari. Alimpeleka mfalme wake upande wa pili wa ubao, kwa askari wa adui, ambako ngome ya Capablanca haikuweza kwenda bila kumwachia askari wa safu ya a apite. Capablanca alikubali kushindwa kwa barua, na taji likabadilisha mikono.

Huyo huyo Capablanca, miaka mitatu kabla, alikuwa ametoa somo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Ni New York, mwaka 1924, dhidi ya Savielly Tartakower. Wote wawili wana ngome moja na askari watano. Ngome ya Capablanca imekaa h7, mstari wa saba, imembana mfalme wa adui ukutani. Hatua ya 35, Capablanca anamsogeza mfalme wake kwenda g3 na kumwachia Tartakower askari, tena kwa sheki. Mfalme anakwenda h4. Tartakower anachukua askari wa pili, sheki tena. Mfalme anakwenda g5, kisha f6. Sasa hesabuni: mweupe amebaki na askari watatu, mweusi ana watano. Mtu akipita nyuma ya kiti na kuhesabu kete atasema mweusi anashinda. Lakini mfalme mweupe amekaa pamoja na ngome yake na askari aliyefika g6, watatu wamemzunguka mfalme mweusi, na ngome ya mweusi haina la kufanya. Tena angalieni utamu mmoja: pale f5 palikuwa na askari mweusi ambaye Capablanca angeweza kumla. Hakumla. Alimwacha awe ukuta, azuie sheki za ngome kutoka nyuma. Alimla baadaye, alipokuwa hana kazi naye tena. Tartakower alikubali kushindwa katika hatua ya 52.

Vijana, mkirudi nyumbani upangeni mchezo huo. Isipite siku moja. Mimi nimeupanga mara nyingi nisizokumbuka, na kila ninapofika hatua ya 35 bado mkono wangu unataka kumlinda yule askari.

Hoja ya tatu: jua unakokwenda kabla hujaanza kuhesabu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo roho ya mhadhara huu.

Mchezaji mchanga akiwa na ngome na askari dhidi ya ngome, huanza kuhesabu: nikienda hapa, akienda pale. Hesabu inamchosha, saa inakimbia, anakosea. Mchezaji aliyefundishwa ana picha moja kichwani, ya mahali anapotaka kufika, na kila hatua anajiuliza kama inamsogeza huko. Picha hiyo ndiyo ile aliyokuwa nayo binti yule bila kujua. Naomba vijana wawili mnisaidie kupanga kete ubaoni.

Mfalme mweupe d8. Askari mweupe d7. Ngome nyeupe e1. Mfalme mweusi f7. Ngome nyeusi c2. Zamu ya mweupe. Ahsanteni.

Mnaona tatizo. Askari anataka d8, lakini mfalme wake mwenyewe amekaa hapo. Mfalme hawezi kutokea upande wa c, maana ngome nyeusi inalinda safu hiyo. Hawezi kutokea upande wa e, maana mfalme mweusi yuko karibu. Kwanza basi tumfukuze: ngome inakwenda f1, sheki. Mfalme mweusi anakwenda g7. Hapo binti yule angetoka mara moja na mfalme kwenda e7, na ndiko sheki zinakoanza: e2 sheki, d6, d2 sheki, e7, e2 sheki. Mwisho anarudi d8 na safari inaanza upya.

Hatua inayoshinda haimhusu mfalme wala askari. Ngome inakwenda f4. Mstari wa nne. Ukiitazama kwa mara ya kwanza unaona haifanyi kitu. Haitishi mtu, haipigi sheki. Mweusi anasubiri, tuseme ngome yake inakwenda c1. Sasa mfalme anatoka: e7. Ngome nyeusi e1, sheki. Mfalme d6. Ngome d1, sheki. Mfalme e6, anamlinda askari wake. Ngome e1, sheki. Mfalme d5. Ngome d1, sheki. Na sasa, ngome nyeupe kutoka f4 inateleza hadi d4. Imesimama kati ya mfalme na sheki. Mweusi akiila, mfalme anailipiza, na hakuna tena wa kumzuia askari asipandishwe cheo. Asipoila, askari anapita vile vile. Mchezo umekwisha.

Aron Nimzowitsch, katika kitabu chake cha mwaka 1925, aliipa njia hii jina la kujenga daraja. Ni jina linalofaa kabisa. Ngome inatangulia mtoni, inasubiri, na mfalme anapofika ukingoni anakuta pa kukanyaga. Yule binti alikuwa hatua moja tu mbali na ushindi, f4, na hakuna kipaji duniani ambacho kingemfanya aigundue peke yake huku saa ikilia na mpinzani akimtazama. Mimi ndiye niliyepaswa kumpa.

Hali hii inaitwa hali ya Lucena, na jina hilo lina kosa ndani yake. Luis Ramírez de Lucena alikuwa Mhispania aliyechapisha mwaka 1497, mjini Salamanca, kitabu ambacho ndicho cha zamani zaidi kati ya vitabu vya sataranji vilivyopigwa chapa na kubaki hadi leo. Lakini hali hii haimo ndani yake. Imo katika kitabu cha Mtaliano Alessandro Salvio cha mwaka 1634, na Salvio mwenyewe alimtaja mtu mwingine, Scipione Genovino, kuwa ndiye mwenye nayo. Nawaeleza haya kwa sababu napenda elimu ipewe mwenyewe. Genovino, popote alipo, tumemlia haki yake kwa karne nne.

Hoja ya nne: ili ushinde, ujue mlinzi anataka nini.

Ukishajua unakokwenda, swali linalofuata ni hili: mpinzani mwenye akili atakuzuia wapi? Hapa tunamkuta François-André Danican Philidor, Mfaransa, mtunzi wa opera aliyejulikana Paris na London kwa muziki na kwa sataranji pia. Mwaka 1777, katika toleo jipya la kitabu chake, alionyesha namna ya kujihami ambayo mpaka leo haijavunjwa.

Mpangilio wake ni huu. Mfalme mweusi e8, mbele ya askari. Ngome nyeusi a6, mstari wa sita. Mweupe ana mfalme d5, askari e5, ngome yake h7. Ngome nyeusi inafanya jambo moja tu: inateleza kwenye mstari wa sita, a6, b6, a6, na kumzuia mfalme mweupe asiuvuke. Mweupe hana namna ya kuendelea ila kumsukuma askari hadi e6. Na pale pale ngome nyeusi inaondoka kwenda a1, chini kabisa ya ubao, na kuanza sheki kutoka nyuma. Mfalme mweupe hana pa kujificha, kwa kuwa mraba aliotaka kujifichia, e6, umekaliwa na askari wake mwenyewe. Sare.

Somo kwa anayetaka kushinda ni hili: usimsukume askari kwa kuwa tu anaweza kusukumwa. Mfalme atangulie, askari afuate. Zaidi ya hayo, mtenge mfalme wa adui mapema. Weka ngome yako katika safu iliyo kati yake na askari, ili asifike mbele ya njia. Mfalme wa adui asipofika e8, ulinzi wa Philidor haujengeki, na wewe uko njiani kuelekea daraja.

Na askari wa pembeni, wa safu ya a au h? Huyo ana taabu zake, na sitawachosha nazo zote. Nitataja moja. Josef Vančura, kijana wa Kicheki aliyefariki mwaka 1921 akiwa na miaka 23 tu, aligundua kwamba askari akiwa a6 na ngome nyeupe ikiwa mbele yake pale a8, ngome nyeusi inaweza kukaa f6 na kumtisha askari kutoka ubavuni, mfalme wake akisubiri g7. Mfalme mweupe akija kumlinda askari, anapigwa sheki za ubavuni asizoweza kuzikimbia. Ugunduzi wake ulichapishwa mwaka 1924, mwenyewe hayupo tena. Kwa hiyo ukiwa na askari wa pembeni, usikubali ngome yako ikwame mbele yake. Turudi kwa daktari wa Nuremberg: ikae nyuma.

Hoja ya tano ni fupi. Ushindi wa ngome unataka subira, na subira nayo hufundishwa.

Mwaka 2013, mjini Chennai, Magnus Carlsen wa Norway, miaka 22, alimkabili Viswanathan Anand, bingwa wa dunia, katika mji wa Anand mwenyewe. Michezo minne ya kwanza iliisha sare. Wa tano na wa sita, iliyochezwa siku mbili mfululizo, Novemba 15 na 16, yote miwili iliingia lala salama za ngome. Wataalamu waliokuwa wakitazama waliona sare. Carlsen hakukubali sare. Alimpa mpinzani tatizo dogo, halafu jingine, halafu jingine. Wa tano ulimalizika hatua ya 58. Katika wa sita, Anand alikosea hatua ya 60, na ukaisha hatua ya 67. Michezo yote miwili Carlsen alishinda, na siku chache baadaye alikuwa bingwa kwa pointi 6.5 dhidi ya 3.5.

Wapo wanaosema kwamba lala salama zote za ngome ni sare. Ni kweli kwamba nyingi ni sare iwapo mlinzi hatakosea hata mara moja. Lakini mlinzi ni binadamu, amechoka, saa yake ina dakika mbili. Anayeshambulia akijua njia, anao muda upande wake. Ana pia mpaka: sheria inasema zikipita hatua 50 za kila mchezaji bila askari kusogea wala kete kuliwa, sare inaweza kudaiwa. Subira iwe na mpango.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naomba dakika tano za mwisho, kwa kuwa nina hadithi moja ambayo sitajisamehe nikiiacha.

Mwaka 1895, katika gazeti moja la Glasgow huko Scotland, mwandishi wa safu ya sataranji aitwaye Georges Barbier alichapisha fumbo. Katika umbo lake linalojulikana leo, mweupe ana mfalme b6 na askari c6, basi. Mweusi ana mfalme a1 na ngome d5. Askari anakimbia, ngome inampiga mfalme sheki hatua kwa hatua akishuka safu, mpaka mfalme anafika c2 na ngome nyeusi inakwenda d4. Barbier alisema hapo ni sare. Askari akipandishwa cheo kuwa malkia, ngome nyeusi inajitoa kafara c4, sheki. Malkia analazimika kuila, na mfalme mweusi anabaki hajapigwa sheki lakini hana pa kwenda. Sare kweli.

Mjini humo aliishi padri wa Kihispania, Fernando Saavedra. Hakuwa bingwa wa kitu chochote. Akaona kitu ambacho Barbier hakukiona: askari asipandishwe cheo kuwa malkia. Awe ngome. Sasa kafara ya c4 haifai kitu, kwa sababu ngome ikiila bado mfalme mweusi ana mahali pa kusogea, naye ameshindwa. Na ngome mpya inatishia kwenda a8, sheki na mwisho. Mweusi ana jibu moja, ngome a4. Mfalme mweupe anakwenda b3, na kwa hatua hiyo moja anatishia kuila ngome na anatishia pia ngome yake ishuke c1 kumaliza kazi. Mweusi hana dawa ya yote mawili.

Saavedra anakumbukwa katika sataranji kwa hatua hiyo moja tu. Zaidi ya miaka 120 imepita na bado tunaitaja. Nawatazama ninyi mlioketi chini hapa mbele, na sioni kwa nini mmoja wenu asione kesho ambacho sisi watu wazima tumekipita.

Sasa tufanye nini kuanzia hapa? Walimu wenzangu, pendekezo langu ni kwamba tugeuze mtaala. Mtoto akishajua kete zinavyokwenda, asianze na mistari ya ufunguzi ya kukariri. Aanze na mfalme na askari, kisha ngome na askari. Daraja la Lucena na ulinzi wa Philidor avijue ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na avicheze pande zote mbili, leo anashinda, kesho anajihami, mpaka mkono uende wenyewe. Faida yake ni kubwa kwetu sisi tusio na fedha za vitabu. Kete tano zinatosha: wafalme wawili, ngome mbili, askari mmoja. Shule yenye seti moja iliyopotewa na nusu ya kete bado inaweza kufundisha. Hata vizibo vya soda na kadibodi vinatosha. Na majibu yapo. Kompyuta zimekwisha kuhesabu kila hali yenye kete saba au pungufu ubaoni, wafalme wakiwemo, kazi iliyokamilika mwaka 2018. Ukiwa na simu yenye intaneti unaweza kupanga hali yoyote ya ngome na askari dhidi ya ngome na kuambiwa bila shaka yoyote kama ni ushindi au sare. Mabingwa wote niliowataja leo, isipokuwa wale wa Chennai, hawakuwa na msaada wa kompyuta.

Wazazi, ombi langu kwenu ni dogo. Mtoto akikuambia mashindano yamekwisha na amepata sare, usimuulize tu kama alikuwa anaongoza. Muulize ilikuwaje mwisho, akupangie kete akuonyeshe. Hata kama hujui mchezo, yeye atajifunza kwa kukueleza.

Yule binti sasa ni mtu mzima, anafundisha shule ya msingi. Nilipompigia simu wiki iliyopita kumwambia nitazungumza juu ya mchezo wake, alinijibu kwamba darasa lake la nne linajua kujenga daraja.

Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, nitakuwa hapa hapa ukumbini na mbao kumi na mbili. Kila ubao utakuwa na kete tano. Naomba kila shule iliyopo leo ilete watoto wawili na mwalimu mmoja, na mwalimu naye akae acheze.